Mchagua Jembe si Mkulima?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana mabwenini muhula huu.

Wazee walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii tumefundishwa tangu madarasa ya chini, na maana yake ni wazi. Mvivu hukaa akitafuta kasoro za jembe hata shamba likaota magugu. Mimi sina ugomvi na wazee. Lakini naomba ruhusa niulize swali moja tu. Je, mtu ambaye shamba lake ni la mawe, naye akaenda kununua jembe la bustani kwa kuwa mpini wake umepakwa rangi nzuri, huyo ni mkulima?

Nauliza kwa sababu sisi wa Kidato cha 6 twajiandaa kwa mtihani wa mwisho mwezi wa Novemba, na baada ya hapo tutatawanyika. Usiku, taa zikisha kuzimwa, utasikia vijana wakibishana juu ya laptopu. Huyu asema atanunua HP, huyu Dell, na yule aapa kwamba hatashika kitu kingine ila MacBook. Nimewasikiliza majuma mengi, wala sijamsikia hata mmoja akisema atakwenda kuifanyia kazi gani. Hapo ndipo lilipo kosa letu, na neno langu ni hili: jua kazi kwanza, kisha ununue kompyuta. Kwa wengi wetu maana yake ni kwamba tusinunue likizo hii, bali tungoje mpaka tuingie chuoni.

Nitaeleza yaliyotupata nyumbani, ili msiseme kwamba nahubiri tu. Kwetu ni milimani, upande wa Kasese, nasi twaishi kwa kahawa. Mwaka 2022 kaka yangu alipata nafasi katika chuo kikuu kusomea upimaji wa ardhi. Baba aliuza kahawa ya msimu mzima, akatoa shilingi 1,400,000, akamwambia, "Mwanangu, nenda ukanunue hiyo mashine, usije ukawa nyuma ya wenzako." Kaka akaenda mjini na rafiki yake. Muuzaji mmoja akamwonyesha laptopu mpya kabisa, nyembamba kama daftari, rangi ya fedha, ingali katika nailoni yake. Kaka hakuuliza neno. Aliipenda kwa macho, akalipa, akarudi nayo nyumbani, na majirani wakaja kuitazama.

Ndani ya ganda lile zuri mlikuwa na kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo RAM, ya gigabaiti 4 tu, na hifadhi ya gigabaiti 64. Kwa kuandika barua yatosha. Lakini mpima ardhi hutumia programu za kuchora na za ramani, kama AutoCAD na ArcGIS, nazo ni nzito. Windows na masasisho yake ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa ya hifadhi, na AutoCAD ilipoletwa haikupata pa kukaa. Tena RAM na hifadhi za mashine ile zilikuwa zimechomelewa katika ubao wake, hata fundi hakuweza kuziongeza. Kaka alifanya michoro yake katika laptopu za wenzake, tangu saa 7 usiku hata alfajiri, wenyewe wakiwa wamelala. Somo moja lilimshinda, akalirudia mwaka uliofuata. Alimficha Baba kwa muda mrefu. Krismasi iliyopita akamweleza yote. Baba alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Basi safari hii mtauliza kwanza."

Safari hii ni mimi. Kwa hiyo nimeuliza. Nimemwuliza kaka, nimemwuliza mwalimu wetu wa kompyuta, nimewauliza mafundi wawili mjini, na niliyoyapata nawapeni hapa.

Swali la kwanza ni kazi. Laptopu ni chombo kama msumeno au cherehani, na fundi seremala hanunui cherehani kwa kuwa yang'aa. Atakayesomea ualimu, sheria, lugha, historia au biashara, kazi yake kubwa ni kusoma na kuandika. Huyo yamtosha RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD ya gigabaiti 256. SSD ni ile diski isiyo na sahani inayozunguka ndani yake. Hufungua kazi upesi kuliko diski za zamani, wala haiumizwi kwa urahisi na mitikisiko ya basi. Si lazima anunue programu ya kuandikia, maana LibreOffice hupatikana bure.

Atakayesomea uhandisi, upimaji au usanifu wa majengo, huyo ana shamba la mawe. Na atafute RAM ya gigabaiti 16 na SSD ya gigabaiti 512. Kisha aulize ni programu gani zitumikazo katika idara yake, maana ArcGIS Pro, Revit na SolidWorks zimeundwa kwa Windows peke yake. Rafiki yangu aliyeapa kununua MacBook ataka kuwa mhandisi. MacBook ni mashine njema, siisemi vibaya, lakini yampasa kujua jambo hilo kabla baba yake hajalipa. Atakayesomea uuguzi au utabibu atatembea sana kati ya darasa na wodi. Huyo wepesi na betri idumuyo vitamfaa kuliko nguvu nyingi.

Mimi nataka kuwa mwalimu wa Kiswahili na Historia. Nakiri mbele yenu kwamba mwaka mzima nilikuwa nikiota laptopu ya michezo, ile yenye taa za rangi chini ya vitufe. Nilijiambia kwamba yenye nguvu nyingi itafaa kazi zote. Somo la fizikia ndilo lililoniamsha, nalo lanileta katika swali la pili, yaani umeme.

Tazama kibandiko kilicho juu ya chaja. Chaja ya laptopu ya kawaida mara nyingi huandikwa volti 20 na ampea 3.25. Zidisha, utapata wati 65. Chaja za laptopu za michezo nyingine huandikwa volti 20 na ampea 11.5, yaani wati 230. Nyumbani kwetu hakuna nguzo za umeme. Tuna sola ya wati 50, twawasha taa nne na kuchaji simu. Ili niilishe mashine ya wati 230 ingenipasa kuwa na sola karibu tano kama ile, na jua la saa sita juu ya zote! Lakini laptopu ya kawaida, ukiwa waandika tu, yaweza kula wati 8 hivi. Ikiwa betri yake ni ya wati-saa 48, gawa kwa 8, utapata saa 6. Hiyo ni jioni nzima ya kazi. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuuliza kasi ya mashine, uliza kwamba utaichaji wapi. Hata mabwenini mwa vyuo umeme hukatika.

Swali la tatu ni mfuko. Hapa najua wengi watanipinga, lakini nasema bila haya: kwa pesa zile zile, iliyotumika mara nyingi ni bora kuliko mpya. Kuna laptopu zilizoundwa kwa ajili ya maofisi, kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Makampuni ya ng'ambo huzitumia miaka michache, kisha huzibadilisha, nazo huletwa kuuzwa huku. Ganda lao ni gumu, mafundi wetu wamezizoea, vipuri vyao vyapatikana, na katika nyingi waweza kuongeza RAM au kubadili diski. Hazing'ai. Zina mikwaruzo, na pengine jina la ofisi fulani ya Ulaya limebandikwa chini. Mwenye kutaka kusifiwa na majirani hatazitaka. Mwenye kutaka kumaliza masomo atazitazama mara mbili.

Lakini penye za kale pana mitego. Mtego wa kwanza ni neno "i7". Wauzaji hulipiga kelele kama wapiga debe wa stendi. Tazama namba ifuatayo baada ya kistari, maana ndiyo ionyeshayo kizazi cha prosesa. Core i7-4600U ni ya kizazi cha 4, nayo ina viini 2 tu. Core i5-8250U ni ya kizazi cha 8, nayo ina viini 4. Anunuaye kwa kusikia "saba ni kubwa kuliko tano" amedanganyika. Tena Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, kwa kanuni zake haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Nayo Windows 10 ilifikia mwisho wa utunzaji wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo ile i7 ya kizazi cha 4 itabaki na Windows iliyokwisha muda wake, au mwenyewe ajifunze Linux. Linux ni bure, nayo ni nzuri, lakini ajue mapema kwamba hiyo ndiyo njia anayoichagua.

Mtego wa pili ni Chromebook za bei ya chini. Hizo hutegemea sana intaneti, na kila moja ina tarehe yake ya mwisho ya kupata masasisho. Ukiuziwa ambayo tarehe yake imepita, umenunua maziwa yaliyochacha.

Mtego wa tatu ni betri. Betri za laptopu huchakaa kwa kuchajiwa mara nyingi, hata kama mashine ni safi kwa nje. Katika Windows, fungua kisanduku cha amri uandike powercfg /batteryreport, nayo itakuandalia taarifa. Humo utaona kiasi ambacho betri iliundwa kubeba, na kiasi ibebacho leo. Ikiwa iliundwa kwa wati-saa 48 na leo yabeba 24, zile saa 6 zimekuwa 3. Hapo omba upunguziwe bei, au uende duka jingine.

Unapokuwa dukani usione haya. Kaka aliona haya, ndiyo maana aliumia. Ondoa chaja, uiache mashine ifanye kazi kwa betri nusu saa, huku ukibonyeza kila kitufe kimoja kimoja. Fungua na kufunga kifuniko mara kadhaa, uone kama bawaba zimelegea. Chomeka flashi katika kila tundu. Iunganishe na intaneti ya simu yako. Zima, uwashe upya, ujaribu kuingia katika mipangilio ya BIOS. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, ondoka. Ikiwa ni MacBook iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza, ondoka vile vile. Mwisho dai risiti iliyoandikwa namba ya mashine, ile iliyo chini yake, usije ukakutwa na mali ya wizi mikononi. Muuzaji mwema hatakasirika. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu.

Sasa narudi kwa lile nililosema mwanzo, kwamba tungoje. Mitihani itakwisha kabla ya Krismasi, na vyuo vyetu vikuu vingi huanza mwaka wao mwezi wa Agosti. Mwenye kununua mpya mwezi wa Desemba, na dhamana yake ni ya miezi 12, ataingia chuoni amebakiwa na miezi 4 tu. Ile miezi 8 ameitumia kutazama sinema na kuchakaza betri. Tena mwezi wa Desemba hakuna ajuaye kozi atakayopewa. Ataka uhandisi, akapewa kilimo. Ataka sheria, akapewa ualimu. Atakuwa amenunua jembe kabla ya kuonyeshwa shamba.

Wenzangu wamenijibu mambo mawili. La kwanza wasema kwamba likizo ile ndefu ni ya kujifunza kuandika kwa mashine. Kweli. Lakini kuandika waweza kujifunza katika chumba cha kompyuta hapa shuleni kabla hatujaondoka. Ni wangapi kati yetu waingiao humo siku za Jumamosi, kiasi cha kusema kwamba nafasi imetushinda?

La pili ni zito zaidi. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Wewe wasema tungoje, lakini pesa za nyumbani hazingoji. Mdogo wangu akiugua mwezi wa Machi, laptopu yangu imekwenda hospitali." Sikuwa na jibu la upesi. Hata kwetu ndivyo ilivyo. Nimelifikiri sana, na jibu langu ni hili: pesa ziwekwe katika ushirika wa akiba, kwa jina la mzazi, zikiwa na kazi yake iliyotajwa. Na kama mdogo wetu akiugua kweli zikamtibu, sioni hasara. Tutaingia chuoni bila laptopu, tutumie kompyuta za maktaba na za maabara ya chuo, tuweke kazi zetu katika flashi na katika baruapepe, mpaka msimu mwingine. Ni kazi ngumu, lakini si aibu. Kaka yangu alikuwa na laptopu mpya, na bado aliazima.

Neno moja kwenu, wanafunzi wa zamani, ambao najua mwausoma ukurasa huu. Vijana wetu huwaandikia wakiuliza, "Kaka, ninunue ipi?" Nanyi kwa wema wenu huwatajia ile mnayoitumia wenyewe. Tafadhalini, msiwape jina la mashine. Waulizeni kwanza: wasomea nini, walala penye umeme gani, una shilingi ngapi, na ni nani atakayekutengenezea ikiharibika? Kijana akiisha kujibu hayo manne, jina litakuja lenyewe. Na ikiwa mmoja wenu amesoma upimaji, tiba au sheria, na atuandikie katika toleo lijalo mistari mitano tu juu ya programu alizozihitaji mwaka wake wa kwanza. Mistari hiyo yaweza kumwokolea mzee fulani kahawa ya msimu mzima.

Mimi nimekwisha mwandikia Baba. Nimemwomba asiuze kitu Desemba hii. Nimemwambia kwamba nikipata nafasi ya ualimu nitatafuta laptopu ya ofisi iliyotumika, RAM gigabaiti 8, kizazi cha 8 au zaidi, chaja ya wati 65, na kwamba pesa zitakazobaki zinunue betri ya sola ya nyumbani, ili wadogo zangu nao wapate taa ya kusomea. Bado hajanijibu. Akikubali, nitakuwa nimemchagulia jembe lililo sawa na shamba lake.

Basi nami nakubaliana na wazee. Achaguaye jembe kwa rangi ya mpini si mkulima. Lakini mkulima wa kweli huanza kwa kuutazama udongo.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha 6, Sanaa